Shavu la Karani Anselmo

Shavu la kushoto la karani Anselmo lilikuwa likicheza: mara tatu, likatulia, mara mbili. Pale ofisi ya kata, Temeke, mwaka 1974, halikumkera mtu hadi aliposoma tangazo la kuhamia vijijini huku shavu likimfanya aonekane anamkonyeza kila mwananchi. Katibu Gaspar akamwandikia onyo: likicheza tena hadharani, kazi basi.

"Hilo jini, mwanangu," alisema Bi Mwanaasha, mganga wa Kimbiji, Anselmo alipomwendea. "Halikatwi. Hubembelezwa, likaulizwa linataka nini."

Lakini Katibu alitaka cheti cha daktari, na jini halitoi cheti. Anselmo akaenda hospitali. Daktari akapasua shavu, akaukata msuli uliokuwa ukirukaruka, akaandika kwamba shavu halitacheza tena. Uso ukalala upande mmoja kama chapati mbichi. Udenda ukawa unadondokea kola.

"Baba Filomena," mkewe Tekla alinong'ona, "kwetu nyama ya mtu haiachwi kwa wageni. Inazikwa."

Hospitali ikampa ile nyama ndani ya chupa ya dawa, kwa sharti kwamba fomu ya kuichukua irudi na muhuri wa kata.

"Nigonge muhuri kwa kitu nisichokiona?" aliuliza Gaspar.

"Ndugu Katibu, usiifungue. Njiani nyama ilikuwa inagonga kizibo."

Gaspar akaifungua. Harufu ya dagaa waliooza ikajaa ofisini, na ile nyama, nyeupe, yenye utando kama kamasi, ikajikunja mara tatu, ikatulia, mara mbili, ikaparamia ukingo wa chupa, ikamrukia Katibu shavuni, na kabla hajapata sauti ikajipenyeza chini ya ngozi kama funza kwenye embe bivu, ikaacha ute tu, ambao aliufuta kwa ile fomu, kisha, kwa mazoea ya kazi, akaigonga muhuri.

Jumatatu kulikuwa na mkutano. Gaspar aliposimama kuhutubia, shavu lake likacheza. Watu wakatazama miguu yao. Mgeni kutoka wilayani akamwinamia Anselmo.

"Karani, mbona Katibu anakukonyeza?"

Uso wa Anselmo ulikuwa umekufa kihalali, na cheti kilikuwa mfukoni, nakala tatu. Akaingiza mkono akitoe. Ndipo, chini ya nyuzi za mshono wa shavu lake, mahali ambapo hapakubaki kitu cha kucheza, kitu kikagonga: mara tatu, kikatulia, mara mbili.