Ruhusa ya Kusema Hapana

Siku hiyo soko la Amman lilikuwa limebakiwa na sanduku moja la bamia, na mikono miwili ikalishika kwa pamoja. Mmoja ulikuwa wa Haitham, mwanamume mrefu aliyevaa koti juu ya aproni. Wa pili ulikuwa wa dada mwenye sweta ya kijani iliyomzidi mikono, nywele kazifunga kwa kitambaa cheusi, na macho ya mtu asiyetaka utani.

"Dada, nimewahi mimi," alisema Haitham.

"Umewahi kushika. Kuona nimeona mimi."

"Nina watu wengi wa kulisha."

"Mimi nina mmoja, mama yangu, na anakaribia kuota dengu kichwani. Tunakaa kanisani, sisi tuliotoka Qaraqosh. Wanatulisha, Mungu awabariki, ila mpishi wao anajua kitu kimoja tu duniani. Dengu leo, dengu kesho. Krismasi atazivisha nyota."

Haitham aliliachia sanduku. "Mpelekee mama. Mwambie limetoka kwa mtu asiyemjua."

Mchana yule dada, Wasan, alipanga foleni kwenye ukumbi wa kanisa na sahani yake. Alipofika mbele akainua macho, akamkuta mtu wa sokoni nyuma ya sufuria, upawa mkononi.

"Karibu dengu," alisema Haitham.

Wasan alitamani ardhi ipasuke immeze. Sisi wanaparokia tuliokuwa tunagawa mkate tulicheka mpaka Abuna Yaqub, paroko wetu, akatukoholea.

Ulikuwa ule mwaka ambao watu wa Qaraqosh, mji wa Wakristo kule Iraq, walifukuzwa makwao na wenye silaha, wakaingia Jordan na nguo za mwilini tu. Ukumbi tuliozoea kuchezea harusi tuliugawa kwa mashuka, kila familia na kona yake. Kona ya Wasan na mama yake ilipakana na jiko, kwa hiyo mapenzi yalipoanza, Haitham alikuwa anampigia simu mtu aliye nyuma ya shuka.

"Unafanya nini, roho yangu?"

"Nakusikia mara mbili. Punguza sauti, mama amelala."

"Sijalala," alisema mama yake, Bi Shmuni.

Kosa la Haitham lilikuwa adabu. Kwetu mwanamume haendi mwenyewe kuomba mke, anatuma wazee. Basi akamtuma Abuna na wazee wawili wa parokia, wakakaa kwenye viti vya plastiki mbele ya shuka, suti zimenyooka. Bi Shmuni alikubali kabla Abuna hajamaliza sentensi. Tukapiga vigelegele, tukagawa peremende. Wasan alikuwa chumba cha cherehani, na aliporudi alikuta anapongezwa.

Siku hiyo Wasan alipompigia Haitham simu, alitoka nje mpaka barabarani.

"Haitham, eti umeniomba."

"Kwa heshima zote, mpenzi. Abuna mwenyewe..."

"Abuna ndiye mwenye nyumba. Ulitaka mama amjibu nini? Analala chini ya paa lake, anakula kwenye sufuria yako. Mama yangu hajui kusema hapana mle ndani. Hata dengu zako amezisifia."

"Kwani wewe hunipendi?"

"Hicho ndicho sikijui tena. Nikikuchekea, sijui kama nakupenda au nashukuru. Na wewe hujui."

Akakata.

Haukupita muda wakahama, mama na mtoto, wakapanga chumba mtaa wa Hashmi. Wasan akawa anashonea duka la nguo za maharusi. Parokia ilinuna. Wako waliosema hawa watu wana kiburi, tumewakosea nini? Abuna alitusikiliza, akavua miwani, akaifuta muda mrefu.

"Tuliwapa kila kitu," alisema, "isipokuwa nafasi ya kutukatalia."

Haitham aliendelea kupika, ila vyakula vikawa vinaungua. Alipiga simu mpaka akaona aibu, akaacha. Baridi ilikuwa inaisha simu yake ilipolia.

"Jumapili njoo ule kwetu," alisema Wasan. "Peke yako. Wazee wabaki na suti zao."

Alifika amevaa koti la kaka yake, marashi yanamtangulia kwenye ngazi, na mikononi sufuria ya wali. Wasan alifungua mlango. Gauni lake la rangi ya zambarau alilishona mwenyewe, na lilimkaa. Akaitazama sufuria.

"Hiyo nini?"

"Niliona labda..."

"Mgeni wangu haji na sufuria."

Haitham akaiacha kwenye ngazi. Nani aliula ule wali, mpaka leo hatujui.

Ndani palikuwa na magodoro mawili yaliyotandikwa vizuri, na katikati sinia ya kubba, mapande mapana ya ngano yaliyojazwa nyama, kama wanavyopika kwao. Haitham akainuka kusaidia kupanga sahani.

"Kaa chini, baba," alisema Bi Shmuni. "Hapa huna kazi."

Akakaa, hajui mikono aiweke wapi. Walipokula kiasi, Wasan akajifuta midomo.

"Sasa niulize."

"Hapa? Mbele ya mama?"

"Hapa. Kwangu."

Haitham alimgeukia. "Wasan, utakubali nikuoe?"

"Hapana."

Bi Shmuni aliacha kutafuna. Haitham alitazama dirishani, nguo za jirani zinapepea kwenye kamba, akazitazama kama zinamhusu.

"Sawa," alisema mwishowe. "Nimekusikia." Akasogeza sahani. "Kubba naweza kuongezewa, au nayo ni hapana?"

Wasan alimwongezea mwenyewe, akamtazama anavyokula. Haitham hakununa. Hakutafuta koti lake. Wala hakutaja lolote ambalo kanisa liliwatendea.

"Niulize tena," alisema Wasan.

"Si umeshanijibu?"

"Nilitaka nilisikie hilo hapana likitoka. Limetoka, na wewe bado umekaa, unakula, unaniangalia vilevile. Niulize tena, mpenzi wangu."

Haitham akaweka mkate chini, akafuta vidole kimoja kimoja, akauliza. Wasan alijibu kwa sauti ndogo mno. Bi Shmuni aliisikia, na mtaa mzima wa Hashmi ukamsikia Bi Shmuni akipiga vigelegele.