Aliyegonga Chumbani mwa Babu

Kila Jumamosi nyumba ile iliamka kwa mpangilio uleule. Mama alitandika vitanda, akachemsha chai, kisha akafungua madirisha yote isipokuwa moja. Dirisha hilo lilikuwa la chumba cha mwisho ukumbini, chumba cha Babu. Babu alikuwa seremala. Tangu alipofariki, mlango wa chumba chake ulirudishwa tu bila kufuli, kwani hapakuwa na mtu aliyetamani kuingia.

Binti mkubwa wa nyumba hiyo aliitwa Haraka. Halikuwa jina lake la kuzaliwa. Babu ndiye aliyempachika hilo, kwa sababu msichana huyo alifunga vifungo vya shati huku akitembea, na alisema "nimemaliza" kabla hajaanza. Mdogo wake aliitwa Chiriku, kwa sababu hakunyamaza ila alipolala, na hata hapo si kila mara. Baba yao, dereva wa lori, alikuwa safarini.

Jumamosi hii ilikuwa na jambo lake. Bibi, mjane wa Babu, alikuwa anarudi nyumbani. Baada ya mazishi, mjomba alimchukua akakae naye kwa muda, na habari zilizotoka huko hazikuwa nzuri. Bibi alikuwa hali chakula. Alimega kidogo, akasukuma sahani, akasema ameshiba. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba asipoanza kula, atalazwa hospitalini.

Mama, ambaye alikuwa mpishi wa hoteli, alijua chakula kimoja tu kinachoweza kumrudishia Bibi hamu. Kilikuwa saladi ya Kigiriki, ile ya matango, nyanya, zeituni na jibini nyeupe ya chumvi. Kwa kuwa Bibi hakula nyama tangu ujana wake, Mama alikuwa akiongeza dengu zilizochemshwa ili saladi hiyo iwe mlo kamili wa kushibisha. Babu naye aliipenda mno. Kila alipotaka aongezewe, hakusema neno. Aligonga meza kwa ncha ya kidole mara mbili, ko, ko, na Bibi akampakulia huku akimwita mtoto mkubwa.

"Kesho saladi utaitengeneza wewe," Mama alikuwa amemwambia Haraka Ijumaa jioni. "Umekwisha kuniona mara nyingi. Lakini dengu uziloweke sasa hivi, kwenye beseni kubwa, maji yazifunike kabisa. Zikikaa hadi asubuhi zitaiva laini. Bibi yako meno yamebaki ya kuhesabu, na tumbo lake ni dhaifu."

"Sawa, Mama, nimemaliza," alijibu Haraka, akaketi kwanza amalizie mchezo wa karata na Chiriku. Usingizi ukamchukua na karata mkononi.

Asubuhi, alipoliona beseni likiwa kavu ukutani, moyo ulimpasuka. Mama alikuwa bafuni akioga. Haraka alichukua kopo la bati lililokuwa na maziwa ya unga zamani, akamimina dengu mpaka juu, akajaza maji ya moto ya chupa ya chai, kisha akakandamiza kifuniko kwa kiganja. Aliweke wapi? Akiliacha jikoni, Mama angelifunua na kukuta dengu ngumu kama changarawe. Alikimbilia chumba cha mwisho, akasukuma mlango, akalitia kopo juu ya kabati la Babu, juu kabisa ya sinia la bati lililobeba patasi zake. Chumba kilinuka vumbi la mbao. Alitoka bila kuangalia nyuma.

"Dengu umeloweka?" Mama aliuliza mlangoni akivaa viatu.

"Ndiyo, Mama. Tangu jana. Nimezifunika mahali pa baridi."

"Mwanangu wewe! Sasa nimeamini umekua. Nakwenda kumchukua Bibi."

Sifa hiyo ilimchoma Haraka kuliko kofi.

Alinawa mikono kwa sabuni, akaosha mboga moja moja kwa maji safi, kama Mama alivyomfundisha. Alikata matango vipande vinene, nyanya vipande vikubwa, na pilipili hoho akaitoa mbegu. Vitunguu vyekundu alivikata duara nyembamba, akavikamulia limau ili vipoteze ukali. Chiriku alipanga zeituni kwenye kibakuli huku akilalamika kwamba zinafanana na macho ya panya.

"Usizitazame, basi," Haraka alisema.

"Zinanitazama zenyewe."

Hapo ndipo waliposikia.

*Ko.*

Kisu kilisimama hewani. Sauti ilikuwa imetoka ukumbini, upande wa mwisho.

"Umegonga nini?" alinong'ona Haraka.

"Mikono yangu hii hapa."

*Ko.* Kimya kirefu kikapita, kirefu kiasi cha kumfanya mtu ajidanganye kwamba yamekwisha. *Ko. Ko.*

Chiriku alishika sketi ya dada yake kwa mikono miwili. Walitoka jikoni kwa vidole vya miguu mpaka katikati ya ukumbi. Jua la mchana lilikuwa likiwaka nje, watoto wa jirani walikuwa wakicheza mpira, lakini pale ukumbini palikuwa na ubaridi na giza la kijivu. Mlango wa Babu ulikuwa umeacha mwanya mdogo. Haraka alikumbuka kwamba hakuufunga vizuri. Au aliufunga?

Kutoka ndani kilisikika kitu kikikwaruza bati polepole, kama mtu anayepapasa vyombo vyake gizani. Kisha, *ko, ko*, palepale, kwa mapigo yaleyale ya mezani.

"Anataka kuongezewa," Chiriku alisema, machozi yakimlenga.

"Nyamaza!"

Haraka alijua ilikuwa saa ya kuzitoa dengu na kuzibandika jikoni kabla Mama hajarudi. Lakini hakuthubutu kuingia. Wazo moja lilikuwa limemganda kichwani: ameficha uongo wake chumbani mwa Babu, na Babu amekasirika. Alirudi jikoni, akafunga mlango, akakata jibini huku macho yakiwa mlangoni. Vipande vilitoka vikubwa na vidogo, hakuna viwili vilivyolingana.

Gari lilisimama nje. Mama aliingia akimshika Bibi mkono. Bibi alikuwa amekonda. Khanga ilimzunguka kama imetundikwa kwenye msumari. Wajukuu walimwamkia, akawaitikia marahaba kwa sauti nyembamba, akawapapasa vichwa.

"Karibu mezani, mama," Mama alisema. "Mjukuu wako amekuandalia ile saladi yako."

"Ahsante, wanangu. Labda baadaye. Sina n—"

*Ko, ko.*

Bibi aligeuka. Uso wake, uliokuwa umefifia kama taa iliyoishiwa mafuta, uliwaka ghafla. Aliuachia mkono wa Mama na kutembea peke yake hadi mlango wa mwisho, akaweka kiganja juu ya ubao.

"Nakuja, mzee wangu," alisema kwa upole. "Sikujua unaningoja."

Mama alishika ukuta. "Mama… hakuna mtu humo."

"Humsikii wewe? Nimekaa naye miaka mingapi nisiujue ugongaji wake? Nileteeni kiti. Nitakaa hapa. Chakula kuleni ninyi, mimi nimeshapata nilichokuwa nikikitaka."

Kiti kikaletwa. Bibi akaketi, sikio lake kwenye mlango, akitabasamu tabasamu ambalo lilimtisha Haraka kuliko sauti yenyewe. Lilikuwa tabasamu la mtu anayejiandaa kusafiri.

*Ko.* Kisha kitu kilianza kubingirika sakafuni ndani ya chumba, kikija mlangoni. Kilikuja taratibu, kikapita kwenye mwanya, kikasimama karibu na kidole cha mguu wa Bibi. Bibi hakukiona, macho yake yalikuwa hafifu. Mama alikuwa akipangusa machozi. Haraka pekee ndiye aliyekiona.

Ilikuwa dengu moja, nono, inayong'aa kwa maji.

Haraka alielewa yote mara moja. Aliweka mguu wake juu ya dengu ile. Hakuna aliyemwona. Angeweza kukaa kimya, akaja baadaye kusafisha, na siri ingebaki yake. Na Bibi angebaki na furaha yake. Lakini furaha gani hiyo, ya kuketi mlangoni bila kula, akisikiliza kopo la maziwa?

Aliinua mguu.

"Bibi," alisema. "Si Babu. Ni mimi."

"Wewe umesimama hapa, mjukuu wangu."

"Ni dengu zangu. Sikuziloweka jana, nililala. Nikamdanganya Mama. Asubuhi nikazishindilia kwenye kopo, nikalificha juu ya kabati la Babu." Aliokota ile dengu na kuitia kiganjani mwa Bibi. "Nisamehe, Bibi. Nisamehe sana."

Mama ndiye aliyesukuma mlango na kufungua dirisha. Mwanga uliingia ukaonyesha kila kitu. Dengu zilikuwa zimevimba, zikakinyanyua kifuniko kikakwaruza bati na kukaa upande, nazo zilikuwa zikimwagika moja moja juu ya sinia la patasi. Wakati wao wakitazama, nyingine ilidondoka. *Ko.* Ikaruka, ikaanguka sakafuni, ikabingirika.

Bibi aliigeuzageuza dengu kati ya vidole. Haraka alihofu kwamba Bibi atalia, au ataanguka.

"Mzee wangu," Bibi alisema hatimaye, "alikuwa akigonga mara mbili tu, kisha anasubiri kwa adabu. Huyu wa leo amekuwa akigonga kama mdai. Moyoni nilijua siye." Aliifumba dengu kiganjani. "Lakini nilitaka awe yeye."

Chiriku alikuwa wa kwanza kucheka, kwa woga uliokuwa ukimtoka. Bibi akamfuata, kicheko kidogo chenye machozi ndani yake. Kisha akatazama kitanda kilichotandikwa, randa iliyoning'inia ukutani na vumbi lililotulia juu ya kila kitu, akavuta pumzi ndefu.

"Chumba hiki kifagiliwe," alisema. "Mimi nitalala humu."

Mama aliikusanya familia yake jikoni. Dengu zilizoanguka zilitupwa. Zilizobaki kwenye kopo zilichaguliwa: za chini zilikuwa zimevimba vizuri, za juu bado zilikuwa ngumu katikati. Haraka aliitafuna moja, nayo ilikwaruza jino.

"Ungempa Bibi hizi," Mama alisema, "na huenda hospitali ingetupokea leo hii." Hakupaza sauti. Aliziosha, akazitia kwenye sufuria ya presha. "Tutangoja mpaka ziive. Mwenye njaa avumilie."

"Hata mimi?" Chiriku alilalama.

"Wewe kula macho ya panya," Haraka alimjibu.

Zilipoiva laini hata kuvunjika kwa ulimi, Haraka alizipoza, akazichanganya na mboga kwenye bakuli kubwa. Alimimina mafuta ya zeituni na limau, akafikicha majani makavu ya oregano kati ya viganja mpaka harufu ikajaa chumba, na juu kabisa akapanga vile vipande vya jibini visivyolingana. Safari hii hakusema "nimemaliza". Alionja kwanza.

Walikula. Bibi alitafuna kijiko cha kwanza polepole, macho yamefumbwa. Akachukua cha pili.

"Haraka," Mama alisema, "kulala si kosa kubwa. Ungenijia asubuhi ukaniambia, tungecheka, tukapika dengu jioni. Lakini uliufungia uongo chumbani, na muda wote ulikuwa ukijaa na kutafuta pa kutokea. Umemtisha mdogo wako, umejitisha wewe mwenyewe, na karibu umfanye bibi yako aache kula. Anayesema kweli mapema huwa na kazi moja tu ya kufanya. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mama. Kuanzia leo nikikosea nitakuja kwako kwanza."

Ukumbi ulikuwa kimya. Upepo ulipita kwenye dirisha lililofunguliwa la chumba cha Babu na kuusogeza mlango kidogo. Chiriku alitega sikio, lakini hakukusikika kitu.

Kisha, *ko, ko.*

Wote waliruka. Bibi alikuwa ameweka ncha ya kidole mezani, sahani yake ikiwa tupu mbele yake.

"Niongezeeni," alisema.