Mpira Uliofungwa kwa Ukindu

Sabiri alikutwa amekufa, chali, ndani ya kibanda chake cha kuuzia maji, mtaa wa Makorora. Damu ya kichwani ilikuwa imechanganyika na maji sakafuni. Mfuniko mzito wa mashine ya kuchujia maji ulilala pembeni yake. Umeme ulikuwa umekatika, na watu wamejazana mlangoni.

"Tokeni! Mnakanyaga ushahidi!" Koplo Talal aliwafukuza.

Inspekta Leticia aliinama. Jeraha moja tu, kwenye paji la uso. Hakuna dalili ya mapambano. Simu mfukoni haikuguswa, na spana bado iko mkononi.

"Kapigwa na mfuniko huu," alisema. "Nani kaurusha, ndiyo kazi yetu."

Fundi Badr, aliyeifunga mashine ile, aliletwa.

"Hii kazi yako?"

"Yangu, lakini niliiacha nzima, wallahi! Presha yake mwisho baa sita."

"Itazame geji ya presha."

Badr akachungulia. Kishale kilikuwa kimepinda, kimepita alama nyekundu, na hakikurudi sifuri.

"Lahaula! Ilipanda mno. Sabiri kaona mfuniko unavuja, kaja kuukaza mashine inawaka. Nimemkataza mara ngapi? Zima kwanza, ndiyo uguse!"

"Ilipanda kwa nini?"

Badr akazunguka nyuma ya kibanda. "Afande, mashine hii hutoa maji namna mbili. Safi ya kunywa, na ya chumvi ya kumwaga. Haya ya kumwaga yakikosa njia, pampu inazidi kusukuma tu, mpaka kitu kipasuke."

Akanyoosha kidole. Mpira mwembamba wa kwenda mtaroni ulikuwa umekunjwa, ukafungwa kwa ukindu wa zambarau, ule wa kusukia mikeka.

Nyumba ya pili, mama mzazi wa marehemu, Bi Mwamvua, alikaa sebuleni kati ya wanawake wenziwe. Kando yake palikuwa na mkeka uliosukwa nusu. Wa zambarau.

"Shikamoo, mama. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu. Sijapoa."

"Nani kaufunga mpira nyuma ya kibanda?"

"Sijui."

"Kafungia ukindu kama huu wako."

"Kwani Makorora nzima nasuka mimi peke yangu? Niache na msiba wangu!"

Leticia akachuchumaa mbele yake. "Mama, nina haraka. Kama kuna mashine nyingine imefungwa hivi, umeme ukirudi itaua mtu mwingine."

Vidole vya Bi Mwamvua vilikuwa vinavuta nyuzi za kanga.

Feni ya darini ikaanza kuzunguka.

"Chuoni!" Bi Mwamvua aliruka. "Ya chuo cha Kurani nimeifunga pia! Watoto wa watu!"

Leticia alishafika mlangoni. Talal akampigia mwalimu wa chuo. Simu ikaita, ikaita, haikupokelewa. Wakakimbia kichochoroni, Badr nyuma yao. Pampu waliisikia kabla hawajauona ukuta wa chuo. Watoto wamepanga foleni na chupa zao, wanasukumana. Mmoja kabandika sikio kwenye mashine.

"Njooni msikie! Inalia kama paka!"

"Rudini nyuma! Nyuma wote!"

Leticia akauchomoa waya ukutani. Mlio ukafa. Mfuniko ulikuwa umeanza kuchuruza maji.

Bi Mwamvua alifika pekupeku, kanga imemvuka kichwani. Akawatazama watoto mmoja mmoja, kisha akaegemea ukuta.

"Kwa nini, mama?"

"Kila siku nayaona yanakwenda mtaroni. Nusu na zaidi! Nikamwambia Sabiri, hii israfu, Mungu atakuuliza hata maji ya udhu. Akanicheka. 'Mama, mambo ya mashine huyajui.' Nikasema nimwokoe mwanangu na dhambi. Asubuhi nikafunga pale, nikapita na hapa. Nilidhani yakizibwa huku, yote yatatoka safi."

"Mbona ulinificha?"

"Watu wananishika mkono, pole mama Sabiri, pole mama Sabiri. Niwajibu nini?"

Leticia akashusha pumzi. "Itabidi twende kituoni, utoe maelezo."

Badr alikuwa amepiga magoti, anaukata ukindu. Akasema bila kugeuka:

"Si ungekinga ndoo tu, bi mkubwa. Ukadekia. Ukafulia."

Bi Mwamvua akamtazama.

"Ndoo?" aliuliza. "Ndoo tu?"

Akaketi chini pale pale.