Alichokiona Msanifu

Kitu cha kwanza kuonekana kwenye skrini kilikuwa mikono miwili, na kila mtu kwenye chumba cha mikutano alicheka.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida katika ofisi ya kuchora ramani za nyumba. Wateja walikuwa wawili, mume na mke waliostaafu ualimu, wamekuja kuiona nyumba yao ya uzeeni kabla haijachimbiwa msingi. Msanifu alifungua kompyuta, akabonyeza alama ya kurusha picha ukutani, akaandika namba iliyotokea pembeni mwa skrini kubwa ukutani, kama alivyofanya siku zote tangu ofisi iachane na nyaya. Badala ya ramani ikatokea meza. Meza ileile waliyoizunguka, na vikombe vyao vilevile, na chini kabisa ya picha mikono ya Msanifu imelala juu ya kompyuta.

"Umerusha kamera, baba," alisema mwalimu mume. "Tumekuja kujenga, hatujaja kupiga picha."

Msanifu peke yake hakucheka. "Kamera gani? Si ramani hii hapa? Huu ukumbi, hili jiko." Akainuka, akaanza kuonyesha kwa kidole vyumba ambavyo wenzake hawakuviona. Kila alipogeukia ukutani, ndani ya picha ilitokea skrini ndogo yenye ramani. Alipowageukia wao, ramani ikapotea, zikatokea nyuso zao wenyewe, midomo wazi.

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa, akaingia mke wa Msanifu na sampuli za vigae. Wafanyakazi walimwita Mama Ofisi, kwa kuwa bila yeye hata taa zisingewaka. Alikuta kicheko kimekatika. Mwalimu mke aliitazama skrini, akamtazama yeye, akarudi kwenye skrini, akakirudisha kikombe mezani bila kunywa. Mama Ofisi alipogeuka naye atazame, kioo kilikuwa cheusi.

"Dada, una pacha?" mwalimu aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sina. Kwa nini?"

"Basi tu." Hawakumaliza chai yao.

Sasa lazima ndoa hii isemwe ilivyokuwa, la sivyo utamwona mama huyu mjinga, na hakuwa mjinga hata kidogo. Msanifu hakuwa mume mbaya. Hakupiga, hakulewa, hakulala nje. Ila hakumwona mkewe. Alimsemesha kama mtu anavyotumia kabati: anafungua, anachukua alichotaka, anafunga. Mke akibadili msuko, kimya. Mke akiugua, anaulizwa kama wateja wa Jumatatu wamepigiwa simu. Miaka ikaenda hivyo, na ukitaka kujua upweke ni nini, usiende jangwani, olewa na mtu anayekupita kwenye korido ya nyumba yako mwenyewe bila kuinua macho.

Kisha, mvua zilipokwisha, wiki kadhaa kabla ya walimu kuja, asubuhi moja mume aliinua kichwa kutoka kwenye chai akamtazama. Akamtazama mpaka chai ikapoa.

"Mbona hukuwahi kuniambia kuwa wewe ni mzuri hivi?" alisema.

Tangu siku hiyo yakawa mapenzi motomoto. Alimshika mkono barabarani. Alimwekea mto kwenye kiti. Majirani wakanong'ona kwamba mzee kalishwa limbwata, na mama mwenyewe akawacheka, akajipaka wanja, akaanza kuimba akiosha vyombo. Hakuuliza mvua ile inatoka wingu gani. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, kwa hiyo nawe usimuulize kwa nini hakuuliza.

Kitu kimoja tu kilimsumbua. Mumewe alipomkaribia, ilikuja harufu ya marashi makali, na nyuma ya marashi harufu ya maji yaliyolala mtungini. Alidhani ni sabuni mpya.

Fundi wa mitambo wa ofisi, baba wa watoto wanne, mwembamba kama jina lake la utani, aliitwa Waya. Walimu walipoondoka alibadilisha namba ya kuingilia kwenye skrini. Akafuta orodha ya simu na kompyuta zote ambazo skrini ilizikumbuka. Alasiri ile ile skrini ikajiwasha, bila mtu kurusha chochote, ikaonyesha meza ya Msanifu na penseli inayochora. Waya akapita ofisi nzima akikusanya simu, akazizima moja moja mbele ya Mama Ofisi, akazima na kompyuta, akachomoa hata kile kisanduku cha intaneti. Penseli iliendelea kuchora.

Msanifu, aliyekuja kuchungulia akaona kioo kitupu na fundi mwenye wasiwasi, alicheka. "Nyie hangaikeni na kidude chenu. Mimi nakwenda getini kunyoosha miguu."

Akatoka. Na picha ikatoka naye. Ikapita korido, ikashuka ngazi, ikafika getini, meno ya mlinzi yakajaa ukuta mzima. Kutoka kwenye spika ikasikika sauti ya mwanamke anayeimba kwa kinywa kilichofumbwa, pole pole, kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

Waya aliweka chini bisibisi yake. Alinong'ona bila kumtazama mama usoni. "Mama, hii haitoki kwenye simu."

"Inatoka wapi?"

"Kwa mzee. Ni macho yake."

"Wacha mzaha, Waya."

"Ningekuwa natania ningekuwa nacheka, mama. Mimi siwezi kukaa humu. Nisamehe."

Mama akabaki peke yake. Angeweza kutoka naye, na labda ingekuwa heri, lakini kuna mambo ambayo mtu akishayaona nusu hawezi tena kuyageuzia mgongo. Akavuta kiti akakaa. Kwenye skrini mumewe akamuaga mlinzi, akageuka, ua ukapita, ngazi zikaanza kupanda, moja, nyingine, na nje ya mlango zikasikika nyayo zake za kweli zikienda sawa na zile za kwenye picha, na uimbaji ukazidi, na ile harufu ya marashi na maji ya mtungi ikatangulia kuingia kabla ya mtu, ikapita chini ya mlango ikamkaa kooni, na kitasa kikazunguka ukutani na kikazunguka mlangoni, na mama, aliyekuwa amekishika kiti kwa mikono miwili bila kujua, akajiona ameketi, gauni lake la bluu, mkufu wake, kidole chake chenye kovu la kisu, kila kitu chake kimekaa mahali pake isipokuwa uso.

Uso haukuwa wake. Ulikuwa uso wa mwanamke mwingine, mzuri kuliko inavyostahili kuwa, na macho yake hayakupepesa. Mwanga ulimkaa tofauti. Kila kitu kingine chumbani kilionekana kwa haraka haraka, lakini uso ule ulitazamwa, ulitazamwa kwa kiu. Mkono wa Msanifu ukanyooka ukutani ukagusa shavu la yule mwanamke, na Mama Ofisi akausikia kwenye shavu lake mwenyewe.

"Mbona unalia, mrembo wangu?" mumewe aliuliza.

Mama alijifuta machozi. Wivu aliwahi kuuonja, lakini wivu una mtu wa kumtukana. Huyu utamwendea wapi? Mto uliowekwa kitini haukuwa wake. Mkono ulioshikwa barabarani ulikuwa wake, ila aliyeshikwa si yeye. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Wake alikuwa amelivaa gauni lenyewe.

Waya alikuwa na shangazi, mkunga mstaafu mwenye miwani mizito, na watu walijua kwamba mikono iliyozoea kuzalisha ilijua pia kutoa vitu vingine. Alikuja Jumamosi alasiri, ofisi ikiwa imefungwa. Aliacha viatu mlangoni, akakaa na mama koridoni kwanza.

"Huyo ni jini mahaba," alisema kwa sauti ndogo. "Wengine huwaingia tumboni, wengine kichwani. Huyu kakaa machoni. Hicho kioo chenu kinapokea chochote kinachorushwa, ndiyo maana kimemuumbua."

"Utaweza kumtoa, shangazi?"

"Nitaweza, maana hakuna aliyemwalika. Alijiingiza. Lakini nikuambie mapema, mwanangu. Akitoka, anatoka na mzigo wake. Alichokuja nacho hakiachi."

"Alikuja na nini?"

Shangazi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Unajua mwenyewe."

Mama akasema, "Mtoe. Namtaka mume wangu."

Msanifu alikubali kila kitu. Aliambiwa ofisi inaombewa, akakaa pale alipoelekezwa, mkewe mbele yake, naye akamkodolea macho yale ya mapenzi kama mtoto aliyeahidiwa peremende. Ubani ukafuka. Skrini ikajiwasha yenyewe, na yule mwanamke akatokea, ametulia, gauni la mama mwilini. Shangazi akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Kope za Msanifu zikalegea, lakini macho hayakufumbika, na mdomo wake ukatoa sauti ile ya spika, sauti ya kike, wala haikuwa na hasira.

"Sikumwibia mtu," ilisema. "Nilipita nikakuta macho haya hayana mtu ndani. Kiti kitupu. Nikakaa."

"Kina mwenyewe," shangazi alijibu. "Ondoka."

"Muulize huyo mke kama amewahi kukikalia."

"Ondoka!"

Vioo vya madirisha vikatetema. Ukutani ule uso ukaanza kuyeyuka, kwanza nyusi, kisha ule mdomo, na chini yake ukawa unakuja uso mwingine, na mama akasogea mbele, moyo ukimwenda mbio, kwa sababu sasa hatimaye angejiona ndani ya macho ya mumewe, yeye, na uso wake mwenyewe, na miaka yote ile aliyomvumilia, na akajikuta anatengeneza kitambaa cha kichwa kama bibi harusi anayesubiri pazia lifunuliwe, na uso ukafika, ukatimia, ukawa wake.

Hakuwa mbaya. Hilo lingekuwa nafuu. Alikuwa kitu tu. Hakuwa na mwanga, hakuwa na kingo, alionekana kama vinavyoonekana viti na mapazia. Macho ya Msanifu yalimgusa, yakapita. Yakaenda kwenye saa ya ukutani. Yakaenda dirishani. Yakatua kwenye kucha zake mwenyewe, yakakaa huko muda mrefu. Harufu ya marashi ilikuwa imeisha, chumba kilinuka karatasi.

"Wale wateja wa Jumatatu umewapigia?" aliuliza. Ilikuwa sauti yake ya zamani, ya kabatini.

"Bado kidogo," shangazi alinong'ona, jasho likimtiririka. "Yuko mlangoni. Neno langu moja tu anafunga safari. Wewe usiseme kitu."

Mama aliangalia ukutani. Picha ilikuwa bado ya kucha. Alisubiri. Aliita jina la mumewe taratibu, na picha ikainuka, ikamfikia yeye kwa muda wa kope moja, ikarudi kwenye kucha. Siku zote alikuwa ameshuku, lakini kushuku kuna huruma yake, kunamwachia mtu pa kujificha. Sasa aliona kwa macho yale yale.

"Mwache," alisema.

"Mwanangu, nyamaza."

"Mwache, shangazi! Arudi."

"Sikiliza." Shangazi alimshika mkono kwa nguvu. "Aliyejiingiza namtoa. Aliyekaribishwa na mwenye nyumba simwezi mimi, wala hamwezi mwingine. Nakusihi. Unajua unampa nini?"

Mama alikuwa analia sasa bila kujificha, analia kwa uchungu na kwa aibu, na kwa njaa, maana njaa hiyo alikuwa ameshailisha kidogo na haikukubali tena kulala. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo tunavyosema kila siku mgeni akibisha. Aligeukia mlango.

"Karibu," alisema. "Karibu ukae."

Ubani ukazimika. Shangazi aliuachia mkono wake taratibu, kama unavyouacha mkono wa mgonjwa aliyekata roho. Marashi yakarudi, yakajaa. Kwenye skrini yule mwanamke alikuwa amerejea, mzuri kuliko mara ya kwanza, akatabasamu. Mama akajigusa mdomo. Wake haukuwa unatabasamu.

Msanifu aliinua macho, na furaha ikamwenea usoni. "Twende nyumbani, mke wangu," alisema, akanyoosha mkono. Mama naye akanyoosha wake. Ukutani mikono ikakutana, vidole vikaingiliana, yule mwanamke akainuka katika gauni la bluu. Kwenye kiti, mkono wa mama ulibaki umening'inia hewani, na hakuna aliyeushika. Hakuhisi chochote, hata joto.

"Baba," aliita. "Baba, mimi hapa."

Mumewe alipita karibu naye, bega likigusana na bega, huku akisimulia kitu na kucheka, mkono wake umemshika mtu. Mlangoni alitazama nyuma mara moja. Kwenye skrini vilionekana meza, viti vitupu, na shangazi wa Waya amesimama peke yake.

"Shangazi, tuzimie taa tu ukitoka," alisema Msanifu kwa heshima.

Nyayo zikashuka ngazi. Zilikuwa za watu wawili. Msanifu aliuliza jambo, na mwanamke akamjibu kwa kicheko cha chini, na Mama Ofisi, pale kitini, aliitambua sauti hiyo kabla haijafika mwisho wa ngazi, kwa kuwa alikuwa nayo tangu alipozaliwa.