Oili Kwenye Kiti cha Nyuma

Foleni ya kituo cha mafuta ilikuwa imefika mpaka barabarani siku gari la mshonaji lilipozimika katikati yake. Akapigiwa honi kutoka kila upande. Alikuwa amevaa gauni la njano na viatu vya visigino virefu, na alikuwa na hasira ya kutosha kulisukuma gari lile peke yake. Ndivyo alivyokuwa akijaribu kufanya, kijana mmoja mrefu aliposhuka kwenye pikipiki, akatia bega.

"Dada, ingia ushike usukani. Ukisukuma na visigino hivyo, tutabeba gari na wewe."

"Unajua magari, au unajua kuwacheka wenye magari?"

"Yote mawili. Ndiyo kazi yangu."

Gereji nzima alikofanya kazi ilimwita Spana. Alifunua boneti, akakaza waya wa betri uliolegea, gari likawaka. Hakutaka kitu ila namba ya simu, na hata hiyo aliiomba kwa adabu, huku akijifuta mikono kwenye suruali. Mshonaji akampa, akajiambia ni kwa ajili ya gari.

Gari gani tena? Simu za jioni zilianza na habari za betri zikaishia kwingine kabisa.

"Gari langu linaendeleaje?" Spana alikuwa akiuliza.

"Gari lako tangu lini?"

"Basi mwenye gari anaendeleaje?"

"Amechoka. Ameshona lulu kutwa, hata macho yanauma."

"Ningekuwa karibu ningemtungia uzi."

"Kwa vidole hivyo? Ungenichafulia mpaka cherehani."

Spana alimpa jina la Sindano kwa sababu ya ulimi wake, naye mshonaji alilipenda jina hilo kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Alimpenda Spana. Alipenda hasa kwamba hakumdanganya mtu juu ya gari lake. Katika gereji ya mjomba wake, mteja haondoki kabla hajaonyeshwa kipuri cha zamani kilichotolewa, ajue kweli kimebadilishwa. Mjomba huyo ndiye aliyemlea Spana tangu utotoni, na ndiye aliyemfundisha desturi hiyo.

Desturi hiyohiyo ndiyo iliyowatia matatani. Gari lilipopelekwa sevisi, Spana alifungua filta ya oili, akaiviringisha kwenye gazeti. Badala ya kuiacha sakafuni kama ilivyokuwa kawaida, akaiweka juu ya kiti cha nyuma, mahali safi, kama mtu anayemwandalia mpenzi wake zawadi. Mshonaji alipofika, Spana alikuja nayo mkononi, akamwonyesha, wakataniana, filta ikatupwa. Oili ilikuwa imeshapenya gazeti ikaingia kitini. Kiti kilikuwa cheusi, hakuna aliyeona kitu.

Kesho yake mshonaji alilaza juu ya kiti hicho gauni la bibi harusi, ndani ya mfuko wake wa kitambaa. Alipolifungua dukani, mkia mrefu wa hariri, ule aliouhangaikia lulu moja moja, ulikuwa na doa jeusi la ukubwa wa sahani. Harusi ilikuwa Jumamosi hiyo.

Alikwenda gereji na gauni mikononi. Mwenye gereji, mzee mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alilitazama doa bila kuligusa.

"Gari liliondoka hapa safi, binti. Oili iko mbele, chini ya boneti. Kiti cha nyuma ingefuata nini?"

"Mzee, hilo ndilo ninalokuuliza."

"Labda ni mafuta ya cherehani yako."

"Mafuta ya cherehani hayana rangi, mzee. Hii ni oili iliyoungua."

Mzee akageuka. "Spana, uliweka kitu chenye oili nyuma?"

Mafundi waliacha kugonga. Spana alimtazama mjomba wake, kisha akaitazama mikono yake mwenyewe, akanyamaza.

"Umeona?" mzee akasema.

Mshonaji alikuwa ameona, na vizuri sana. Alimjua Spana vya kutosha kuelewa kimya kile. Akalikunja gauni taratibu, akaondoka bila kuaga.

Simu ililia siku hiyo na siku iliyofuata. Mara moja tu alipokea.

"Sindano, nisikilize."

"Nilikusikiliza gerejini. Hukusema kitu."

Akakata. Alilia mpaka akatosheka, kisha akachukua mkasi akaukata mkia wa gauni, kwa sababu hariri kama ile haikupatikana tena mjini.

Siku ya kujaribu gauni, mama wa bibi harusi alilizunguka mara mbili.

"Mkia uko wapi?"

"Umeharibika, mama. Oili ya gari iliuingia. Nimeukata na kumalizia pindo vizuri, lakini si kama mlivyoagiza."

"Oili ya gari, kwenye gauni la harusi?" Mama alicheka bila furaha. "Sema tu umekosea kukata. Na mimi niliyewaambia dada zangu wote kwamba hakuna mshonaji kama wewe."

Jina ambalo mshonaji alilijenga kwa vidole vyake lilikuwa likimponyoka hivihivi. Hapo ndipo Spana, aliyeijua siku hiyo tangu simu zao za jioni, alipoingia, shati limepigwa pasi, vidole vimesuguliwa mpaka vikawa vyekundu.

"Samahani kuwaingilia, mama. Kosa ni langu. Mimi ndiye fundi wa gari lake. Niliweka filta chafu kwenye kiti cha nyuma. Nilipoulizwa nikanyamaza, kwa kumwogopa mjomba wangu. Dada huyu hakukosea hata mshono mmoja."

Mama alimwangalia kutoka juu mpaka chini. "Na umekuja kuniambia mimi?"

"Mjomba nimeshamwambia. Umebaki wewe, na yeye."

Bibi harusi, aliyekuwa kimya mbele ya kioo, akajigeuza huku na huku. "Mama, hivi naweza kucheza. Ule mkia ningeukanyaga."

Mama akaguna. Lakini walipoondoka, gauni alilibeba yeye mwenyewe, na mlangoni akamwambia mshonaji, "Dada yangu mdogo atakupigia."

Wakabaki wawili.

"Mjomba amesemaje?"

"Amenuna. Hata chai kanywa amenipa kisogo."

"Uliniumiza," mshonaji alisema. "Si gauni. Nilikutazama wewe, wewe ukatazama mikono yako."

"Najua. Aibu ile sitaki kuionja tena. Nakupenda, Sindano. Nataka kukuoa, kama bado unanitaka."

Alimtaka. Moyo ulishakubali, ila ulimi ulikuwa na sharti.

"Yaseme hayo mjomba wako akisikia."

Spana akatoa simu, akapiga, akaweka spika.

"Mjomba, niko kwa mshonaji. Nimemwambia nataka kumwoa. Nimetaka usikie kutoka kwangu."



"Yupo hapo?"

"Yupo, anakusikia."

"Binti," mzee akasema, kisha akakohoa. "Kosa lilikuwa letu. Nilipaswa kukwambia siku ileile Spana aliponiambia."

Mshonaji akaisogelea simu. Machozi yalikuwa yameshafika mashavuni, na hakuyafuta.

"Yamekwisha, mjomba."

Safari hii hakumwita mzee. "Karibu, mwanangu," mjomba akamjibu, na hapo ndipo Spana alipoelewa kwamba mshonaji ameshamkubali.