Msimamizi Wetu Kaandika Hadithi Mbovu

"Crispin, hebu soma tena hapo pa daktari wa meno."

"Haibadiliki, Inday."

"Soma!"

Akainua karatasi juu ya bakuli lake la supu ya tambi. "'Hadithi hii ya safari ya sayari ina chombo, ina anga, haina hadithi.'"

Nikaweka kijiko chini. Mimi Jovelyn, ambaye Crispin huniita Inday kwa mahaba, ndiye mhariri wa kitabu chenyewe, mkusanyo wa hadithi fupi za kisiwa chetu cha Panay, huku Ufilipino: mizuka, mapenzi, upelelezi, sayari, humohumo. Kesho kinazinduliwa hapa mjini Iloilo, na Crispin, mchumba wangu, ndiye amealikwa kukichambua. Tatizo, wasimamizi wetu wa ndoa nao wamo kitabuni. Kwetu harusi hubebwa na wasimamizi: huyu hutoa keki, yule bendi. Nilipowaomba watusimamie, wakakubali, kisha wakaniletea hadithi zao. Ningesemaje? Nikazitia zote.

"Daktari Gallego ndiye anayetupa ukumbi wa harusi," nikamkumbusha.

"Ukumbi mzuri. Hadithi mbaya."

"Msifu kidogo tu! Ulimi utaoza?"

"Nikimdanganyia huyu, nani ataniamini nikisema ile ya mzuka wa juu ya paa ni dhahabu tupu? Yule binti aliyeiandika hajulikani na mtu. Anahitaji niaminike."

"Na mimi nahitaji kuolewa!"

"Nitakuoa hata kituo cha mafuta."

"Ukimgusa Daktari, pete hii utavaa mwenyewe."

Asubuhi nikamtumia ujumbe: *Umefuta?*

Akajibu: *Nimepiga pasi shati. Basi.*

Kwenye uzinduzi mama yangu na mama yake wamekaa mbele, wamejipaka poda mpaka shingoni. Crispin akaanza na mazuri. Hadithi za mizuka akazimwagia sifa, binti wa watu akainamisha uso kwa furaha. Akasema raha ya kitabu ni kwamba hujui ukifungua ukurasa utacheka au utafunga madirisha.

Kisha akageuka.

"Upelelezi wa Tita Remedios umeandikwa kwa Kihiligaynon kitamu. Ila muuaji tumemjua mapema mno, maana ndiye pekee asiyesalimia wazee."

Watu wakaangua kicheko. Tita Remedios, shangazi na msimamizi wetu wa keki, akafungua feni yake ya mkono, pa! Kisha chombo cha angani kikapigwa chini kama nilivyosomewa jana.

"Lakini udhaifu mkubwa ni wa mhariri," akaendelea, hata hanitazami. "Aliogopa kukataa. Hadithi yake mwenyewe, mwanamke anamkimbia mume mkatili, tunamfuata roho mkononi. Mwishoni anarudi kumwomba mama mkwe msamaha. Msamaha wa nini? Mwandishi kaogopa hawa mama wawili hapa mbele!"

Nilitamani sakafu inimeze. Zaidi kwa sababu ni kweli.

Daktari Gallego akasimama. "Jovelyn! Huyu ndiye anayekuoa? Afute maneno yake sasa hivi, au mtafute ukumbi mwingine!"

Watu wote wananitazama mimi na kidole changu chenye pete. Nikaenda nikachukua kipaza sauti.

"Daktari, umeniangalia meno tangu utotoni. Uliwahi kuniambia jino bovu ni zima?"

"Hata siku moja."

"Basi aliyekukosea ni mimi. Hadithi yako niliiona mbovu, nikanyamaza, nikaichapa kwa ajili ya ukumbi. Crispin kakuheshimu, kaisoma mpaka mwisho."

Mzee akamgeukia. "Mpaka mwisho?"

"Mara mbili, Daktari. Yule mke wa rubani, aliyebaki duniani anapanga sahani ya mtu asiyekuwepo. Anapita haraka mno, lakini yule ni mtu. Hadithi iko kwake."

Daktari akakaa polepole. Sauti ikamtoka ndogo. "Sahani niliipanga mimi. Marehemu mke wangu ndiye asiyekuwepo."

"Basi achana na sayari, Daktari. Rudi mezani."

Mzee akapangusa miwani. Kisha, mbishi kama kawaida yake: "Ukumbi nimeshasema sitoi, na maneno yangu sirudishi. Lakini kusimamia, nitasimamia."

Tulifungia ndoa kanisani, tukala na kucheza kwenye uwanja wa mpira wa kikapu wa mtaa, maua yamefungwa mpaka kwenye ringi. Tita Remedios alileta keki, hakuleta salamu. Mama mkwe akaninong'oneza, "Yule mwanamke wa hadithi yako, ningekuwa mimi nisingerudi." Nikambusu poda na yote.

Bendi ikaanza wimbo wetu, bwana harusi hayupo. Nikamkuta nyuma ya masufuria, karatasi mpya za Daktari Gallego mkononi, mwenyewe kasimama pembeni anajikuna kidevu.

"Bwana wee, watu wanatusubiri tucheze!"

"Subiri, Inday," Crispin akasema, macho hayaondoki. "Sijui ataipanga ile sahani au ataivunja."

Nikakunja gauni langu, nikakaa juu ya kreti ya soda. "Sogea basi na mimi nisome."