Nukta ya Nne

Nukta zilikuwa nne.

Hester Pinnock, msahihishaji katika kiwanda cha kuchapa vitabu vya muziki, alizihesabu tena kwa ncha ya penseli. Katika vitabu vya kujifunzia banjo, nukta moja juu ya noti ni kidole cha shahada, mbili ni cha kati, tatu ni cha pete, na msalaba mdogo ni gumba. Nukta ya nne haipo. Kidole cha mwisho hakipigi uzi. Hutulia juu ya ngozi ya ndama iliyowambwa kwenye banjo, kikiushikilia mkono, basi.

Aliizungushia nukta hiyo duara jekundu, akampelekea karatasi Mzee Truscott, mchonga mabamba ya madini ya kuchapia noti.

"Hii sikuichonga mimi," mzee alikunja uso. "Miaka thelathini, binti. Mkono wangu unajua kuhesabu hadi tatu."

"Basi imejichonga?"

Mzee alichukua nyundo yake. Aliligeuza bamba, akaigonga nukta ile kwa nyuma mpaka ikafutika.

Mtunzi wa kitabu hicho kilichokuwa kikichapwa, Bwana Orlando Quayle, alikuwa amefariki Oktoba. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha ya mkono wake wa kulia juu ya banjo, ili wanafunzi waone jinsi vidole vinavyokaa. Picha yenyewe ilikuwa ya ajabu, maana mahali pa kidole cha mwisho palikuwa na kigutu. Kidole kilioza, wakakikata. Waliosoma kwake walisema tangu siku hiyo alivitazama vidole vyao vya mwisho kama mwenye njaa anavyotazama sahani ya jirani.

Jumanne prufu mpya, yaani karatasi ya majaribio, ilirudi. Sasa noti saba za ukurasa wa kumi na nne zilikuwa na nukta nne, na chumba kizima kilinuka ngozi mbichi iliyolowa. Ukungu wa njano ulikuwa umeyaziba madirisha ya mtaa wa Clerkenwell. Saa nane mchana, taa za gesi zinawaka.

Bwana Pargeter, mwenye kiwanda, alipanda ngazi akihema.

"Bibie, kitabu kinatoka Ijumaa. Piga mazoezi yote, utie sahihi kwamba yanapigika. La sivyo, kachukue kofia yako. Wasichana waliosoma wamejaa mjini kama njiwa."

"Bwana, ukurasa wa kumi na nne..."

"Ukurasa huo una mdomo mfupi kuliko wako. Piga!"

Pargeter alipoteremka, Mzee Truscott alimsogelea Hester, akanong'ona, "Usiupige, mwanangu. Tia sahihi tu. Uongo mmoja haujamuua mtu."

"Nisichokijaribu siwezi kukitilia sahihi, mzee."

"Huoni Quayle anachotafuta?"

Aliona. Lakini pia aliiona kofia yake msumarini, na chumba cha kupanga ambamo mama yake alikuwa amelala akikohoa. Akaichukua banjo ya kujaribia.

Ngozi ilikuwa na joto, kama shavu la mtu mwenye homa. Alianza polepole, gumba, shahada, kati, na alipoifikia noti ya kwanza yenye nukta nne akakiinua kidole chake cha mwisho, kile chenye kovu la pasi la utotoni lililopinda kama mwezi mwandamo, akaugusa uzi, na uzi ukalia kwa sauti nene isiyokuwa yake, kisha akataka kuacha lakini kidole kikakataa, kikaikimbilia noti ya pili, na ya tatu, huku pumzi baridi yenye harufu ya dawa na kidonda ikimwagikia shingoni, na chini ya ngozi ya ndama kitu kikigonga kwa ndani, kwa mpangilio, kama mwalimu anayemhesabia mwanafunzi mjinga, mpaka noti ya saba ilipolia ndipo mkono ukaanguka mapajani.

"Mzee," alisema kwa sauti ndogo. "Sikihisi."

Kidole kilikuwepo, cheupe kama mshumaa. Truscott alikichoma kwa ncha ya patasi. Hester hakushtuka.

Mzee hakungoja ruhusa. Alilitupa bamba la ukurasa wa kumi na nne katika chungu cha kuyeyushia, akasali: "Toka, Quayle. Kwa jina la Mungu, hapa huna chako. Toka!" Bamba lilipiga ukelele likizama. Kisha harufu ikaisha, kana kwamba dirisha limefunguliwa. Usiku kucha Truscott alichonga bamba jipya, akazihesabu nukta zake kwa sauti. Tatu. Hakuna zaidi ya tatu.

"Ameondoka," alisema Jumatano. "Kidole kitaamka tu, mwanangu. Kipe muda."

Ijumaa vitabu vilirudi kutoka kwa mjalidi. Hester alikimbilia ukurasa wa kumi na nne: safi. Alishusha pumzi, akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. Kisha, kwa mazoea yake ya kukagua kila kitu, akafungua ukurasa wa kwanza.

Mkono wa Bwana Quayle ulikuwa na vidole vitano. Cha mwisho kilitulia juu ya ngozi, na kwenye kifundo chake palikuwa na kovu lililopinda kama mwezi mwandamo.

Chini barabarani, Pargeter alikuwa akipiga mluzi huku nakala elfu moja zikipakiwa kwenye mkokoteni. Na juu ya meza, kidole cha Hester, kile asichokihisi, kilianza kugonga ubao taratibu, kikihesabu.

Moja. Mbili. Tatu. Nne.